Mizani ya Mukuju

SEHEMU YA KWANZA: Kilo mbili

Mizani ya Baba Mdogo ilikuwa na tabia yake. Ukitundika gunia la kilo mia, mshale ulitetemeka, ukapanda, ukafika tisini na nane, ukatulia hapo kama mbuzi aliyefika kivulini. Mimi ndiye niliyeandika. Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kusimama chini ya boriti ya stoo, pale Mukuju kando ya barabara ya Tororo kwenda Mbale, kalamu sikioni, nikiandika kilo zilizobaki baada ya mizani kula zake.

Sikuwahi kuambiwa niibe. Siku nilipouliza, Baba Mdogo alicheka, akasema gunia lenyewe lina uzito, vumbi lina uzito, unyevu una uzito. Mama mwenye mahindi alikuwa amesimama palepale akitikisa kichwa kukubali. Alikubali kwa sababu wiki iliyotangulia gari la Baba Mdogo ndilo lililompeleka binti yake hospitali usiku wa manane, na hakudaiwa hata bei ya mafuta. Nani ampime mtu wa namna hiyo kwa kilo mbili?

Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu wa LC1, baraza la kijiji. Mwaka 2001 watu walipanga mstari nyuma yake kiwanjani, mstari mrefu hata mkia wake ukaingia barabarani na malori yakapiga honi. Hatukujua kwamba vijiji vya Uganda havitapanga mstari kama huo tena mpaka Julai 2018. Miaka kumi na saba! Uchaguzi uliahirishwa, ukaahirishwa tena, na wenyeviti wakaendelea kukalia viti ambavyo muda wake ulishaisha, mihuri mikononi. Lakini nakimbia. Hadithi hii ni ya Oktoba 2005, mihuri ikiwa bado haijachakaa.

Mwaka huo kila mtu Mukuju alikuwa na wilaya mdomoni. Julai, Butaleja walipewa yao. Kabla yao walikuwa Busia, 1997, na kabla ya Busia ni Pallisa, 1991. Wote walitoka tumboni mwa Tororo, ambayo zamani iliitwa Bukedi. Nchi iliyokuwa na wilaya 33 mwaka 1986 ilikuwa ikizaa wilaya kama sungura, na haikuacha. Leo zimepita 130. Sisi Wateso wa kaunti ya Tororo tukasema zamu yetu imefika, makao makuu yawe Mukuju.

Kikwazo kilikuwa mji. Mji wa Tororo una reli, una kiwanda cha saruji, una lile jabali linaloonekana hata ukiwa ng'ambo, Kenya. Wateso tunasema mji uko ndani ya kaunti yetu. Wapadhola wa Budama Magharibi wanasema mji ni wao, na wilaya ikikatwa hawataondoka mikono mitupu. Nimewasikiliza watu wa pande zote mbili, kwenye matanga na kwenye harusi, na kila upande una haki ya kutosha kugombana nayo mpaka kesho. Jabali lenyewe halijaulizwa.

Baba Mdogo alikuwa na hesabu yake. "Serikali haileti wilaya porini," alisema. "Wakija wakute kiwanja kipo, karatasi ipo, sahihi zipo. Mwenye kiwanja ndiye mwenye wilaya." Hakuongeza kwamba mwenye wilaya lazima awe na mwenyekiti. Hakukuwa na haja. Suti alikwisha kushonesha.

Kiwanja alichokitaka kilikuwa ardhi ya ukoo, ekari arobaini nyuma ya soko. Ukingoni mwake aliishi fundi baiskeli, Mpadhola, ambaye baba yake alipewa sehemu ile na wazee wetu kabla mimi sijazaliwa. Sote tulimwita Jadwong, kwa heshima ya lugha yake. Na juu ya ardhi yote, juu ya Jadwong, juu ya Baba Mdogo na muhuri wake, alikuwapo apolon ka ateker, mkuu wa ukoo. Huyo tulimwita Papa.

Jumatatu ya tarehe 10 redio ilitangaza kwamba Milton Obote amefariki Johannesburg. Jioni tukakusanyika kwa Toto, mjane anayepika ajon, pombe ya ulezi, vizuri kuliko wote pale senta. (Toto kwa Kiteso ni mama. Madereva wa malori kutoka Mombasa hucheka wakisikia wazee wenye mvi wakimwita bibi kizee "Toto", wakadhani ni mzaha.) Chungu kilikuwa katikati, povu la ulezi likipanda, mirija mirefu ikiwa imeelekea kila upande. Toto alizunguka na birika la maji ya moto, akiongeza kidogo kidogo.

Chungu kina sheria, na sheria zake ni za kale kuliko katiba yoyote ninayoijua. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto. Hupulizi ndani. Huchungulii chunguni kuona kimebaki kiasi gani. Mkubwa kwa mdogo, wote wananyonya maji yaleyale. Papa alikuwa na shida moja: mkono wake wa kulia hauna dole gumba. Mtu mwingine angehamia kushoto na wazee wangefumba macho. Yeye hakutaka kufumbiwa macho. Aliubana mrija katikati ya kidole cha shahada na cha kati, kama mtu ashikavyo sigara, akanyonya taratibu, kisiki cha gumba kikiwa kimesimama pembeni kama shahidi.

Kuhusu kisiki hicho kulikuwa na habari mbili. Moja ilisema mashine ya kuchambua pamba ilimla akiwa kijana. Nyingine ilisema ni Januari 1960, Bukedi ilipowaka kwa sababu ya kodi. Machifu walikuwa wakikukadiria kwa macho tu: huyu ana shati zuri, mwandike zaidi. Watu wakachoka kuandikwa, wakachoma nyumba za machifu, na panga lilipita mahali lilipopita. Kwamba Papa alikuwa upande gani wa mlango usiku ule, hapo wasimulizi walianza kukohoa.

"Obote alifuta wafalme mwaka sitini na saba," mwalimu mstaafu alisema.

"Na sasa anarudi sandukuni," mwingine akajibu.

"Anarudi. Wengine hawaondoki kabisa." Watu wakacheka kwa chini, maana ni mwaka huohuo Bunge lilipoondoa ukomo wa mihula ya rais.

Baba Mdogo hakucheka. Alingoja kimya kishuke, akasema, "Papa, nimekuja na ile habari ya kiwanja."

"Nimekusikia mara tatu, mwanangu."

"Basi nisikie ya nne. Tukichelewa, wilaya itakwenda kwingine. Na kwa heshima zote, Papa, Katiba ya 1995, ibara ya 246, inasema kiongozi wa mila hana madaraka ya utawala. Jambo hili ni la utawala."

Pale chunguni hakuna aliyewahi kumtajia Papa ibara. Toto alisimama na birika lake hewani.

Papa alinyonya. Akameza. Akafuta mdomo kwa kiganja.

"Mjukuu wangu alinisomea hiyo," alisema. "Nikamwambia, kitabu ni kikubwa, rudi nyuma kidogo. Akarudi, akafika 237. Hapo panasema ardhi ya Uganda ni ya raia wake. Hapakusema ya mwenyekiti. Hapakusema yangu pia." Akamtazama Jadwong, aliyekuwa ameshika mrija wake bila kunyonya. "Sijakataa wilaya. Waliokuja kwanza na makaratasi hapa ni watu wa Kakungulu, Waganda waliotuandika kabla hawajatujua majina. Wakaja Waingereza, wakaja machifu. Kila karatasi ilisomwa mbali, ikaliwa hapa. Yako isomwe etem, kwenye kikao cha ukoo. Kwa sauti. Jadwong akiwapo na wanawe. Kisha tutaona."

"Sawa, Papa," Baba Mdogo alisema. Akatabasamu, akauchukua mrija kwa mkono wa kulia, akanywa kwa adabu zote.

Jumatano aliniita stoo, akanikabidhi bahasha ya kaki iliyofungwa kwa gundi. "Peleka Tororo, ofisi ya ardhi. Usimpe mtu mwingine njiani."

Sikufungua bahasha kwa ujanja. Mvua ndiyo iliyoifungua. Ilinikuta juu ya baiskeli kabla sijafika nusu ya njia, mvua ya Oktoba isiyopiga hodi, na nilipojibanza chini ya kibaraza cha duka gundi ilikuwa imeachia na karatasi zinachungulia. Nikazitoa nizikaushe. Ilikuwa fomu ya kuridhia, iliyopigwa taipu vizuri: ukoo umekubali, ekari arobaini, bila masharti. Jina la Jadwong halikuwamo popote. Mihuri miwili ya Baba Mdogo. Na chini, mbele ya jina la Papa, mahali fomu ilipotaka dole gumba la mkono wa kulia, palikuwa na alama ya dole gumba la mkono wa kulia.

Nzima. Nene. Nyeusi.

SEHEMU YA PILI: Ng'ambo

Tororo sikufika. Jioni nilimwambia Baba Mdogo kwamba nimefikisha. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, ukiacha zile kilo mbili, ambazo tulikuwa tukidanganya pamoja. Alinipa shilingi elfu tano za chai. Bahasha ilikuwa ndani ya shati, imelowa jasho mahali ilipokwisha kulowa mvua.

Ningeweza kumpelekea Papa. Kila mtu niliyemsimulia baadaye ameniuliza kwa nini sikumpelekea, na jibu langu haliwaridhishi. Niliogopa. Si kumwogopa Baba Mdogo peke yake. Niliogopa uso wa Papa akiitazama karatasi ile, na swali ambalo angeuliza: uliandika wewe? Kwa sababu mimi ndiye karani. Kila kitu pale Mukuju niliandika mimi.

Alhamisi nikavuka.

Nilipita Kwapa, nikashuka mpaka Malaba, malori yamepanga foleni isiyo na mwisho na vijana wa baiskeli wakigombania abiria. Neno boda boda lilizaliwa mpakani huku, upande wa Busia, kwa kubeba watu kutoka kituo hiki mpaka kile; siku hizi limefika hata miji isiyo na mpaka wowote. Sikupanda. Nilichukua njia ya panya, suruali nimeikunja, viatu mkononi. Mpaka ule haukutuuliza ulipokuja. Mwaka 1902 Waingereza walikata mkoa wa mashariki wa Uganda wakaupa upande wa pili, na Wateso wakaamka wako nchi mbili. Mimi nina shangazi aliyeolewa bila kutoka nje ya ukoo wa jirani, na bado alihama nchi.

Binamu yangu alikuwa naibu chifu upande wa Kenya. Nilimkuta nyumbani amevua kofia ya serikali, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Kenya nayo ilikuwa na homa yake: kura ya maoni ya katiba, Novemba 21, ndizi kwa wanaokubali, chungwa kwa wanaokataa.

"Mchana kutwa nimehubiri ndizi," alisema. "Serikali inataka ndizi. Jioni watoto wangu wanakula machungwa mbele yangu makusudi. Karani, karibu. Una sura ya mtu aliyefiwa."

Nilimpa karatasi. Aliisoma yote, taratibu, jinsi wasomavyo watu waliozoea kuandikiwa barua za kusimamishwa kazi. Kisha akairudia. Mkewe alileta chai na atap, ugali wetu, iliyobaki mchana, akaona sura zetu, akaondoka bila neno.

"Wilaya," binamu alisema mwishowe. "Sisi tulipata. Tulikatwa kutoka Busia tukaitwa Wilaya ya Teso, tukachinja ng'ombe. Unajua kilichofuata? Tulipokuwa Busia adui alikuwa Mluhya. Tulipobaki wenyewe, adui akawa wa ukoo ule, mara wa kanisa lile, mara mume wa dada." Akacheka bila furaha. Sisi wawili hatukujua kwamba miaka mitano baadaye katiba nyingine ingeirudisha Teso ndani ya kaunti ya Busia, ng'ombe wa watu wakiwa wameshaliwa. "Sikulaumu. Ofisi ikiwa karibu, mama mjamzito hatembei mbali. Hilo ni kweli. Lakini sikiliza. Mimi na baba yako mdogo, nani ana nguvu?"

"Wewe una serikali."

"Mimi nimeajiriwa. DC akiamka vibaya kesho, nimekwenda, nakuwa mkulima. Yeye amechaguliwa, lakini aliyemchagua ni yule anayemuuzia mahindi, anayemkopa dawa, anayepanda gari lake. Nani atamkasirikia? Kijiji chenu kina mtu mmoja tu anayeweza kumwambia 'ngoja', na huyo mtu hana gumba." Akagonga karatasi. "Isipokuwa hapa. Hapa limeota."

Nilimwambia ninavyofikiri: Baba Mdogo aliandika kwa haraka, akijua ofisi za Tororo haziangalii mkono wa mtu, zinaangalia wino.

Binamu alikaa kimya kwa muda. Maji yalikuwa yamepoa beseni­ni, hakutoa miguu.

"Hapana," alisema. "Fikiri kama mwizi. Unataka kughushi dole la mzee ambaye kijiji kizima kinajua hana gumba la kulia. Ana la kushoto. Unafanyaje? Unafuta neno 'kulia', unaandika 'kushoto', unaweka dole lolote, na hakuna wa kukukamata mpaka mwisho wa dunia. Baba yako mdogo si mjinga. Amenywa chungu kimoja na mzee miaka thelathini. Aliyeacha 'kulia' hapa ama hamjui mzee kabisa..."

"Ama?"

"Ama anamjua vizuri sana, na alitaka karatasi hii ikamatwe."

Nje, lori lilipanda gia barabarani na mbwa akaanza kubweka. Nilijaribu kuhesabu watu walioingia ofisi ya Baba Mdogo tangu Agosti. Mwalimu mstaafu ndiye mwenye taipu. Toto ndiye anayefagia. Jadwong alikuja kurekebisha kufuli. Mjukuu wa Papa alikuja likizo, akakaa siku nzima akisoma magazeti ya zamani.

"Lete taa," binamu alimwita mkewe. Kwake umeme haukuwa umefika; taa ilikuwa ya chemni. Aliisogeza mpaka kioo kikakaribia kuugusa wino. "Hii alama si safi kama tulivyodhani. Tazama. Mistari inakuja, inakuja, halafu hapa inakatika. Kovu. Limepinda kama mkia wa mbayuwayu, umeliona?"

Nililiona.

Mwaka wa kwanza wa kazi, ndoano ya mizani iliteleza kutoka kwenye kamba ya gunia ikanichana. Baba Mdogo mwenyewe alinifunga kitambaa, akaniambia karani wa kweli lazima mizani imuonje. Na Agosti mwaka huo alirudi kutoka Tororo na wino mpya wa muhuri, ule wa kitambaa ndani ya kikebe cha bati. Akasema wino wa siku hizi ni maji matupu, hebu jaribu kama unashika. Akanisogezea karatasi tatu, sehemu za juu zimefunikwa na gazeti. Nilijaribu. Tena nilijaribu kwa bidii, kwa sababu ya kwanza haikutoka vizuri.

"Huyu mtu si vigumu kumpata," binamu yangu alisema, akiinua macho. "Karani, wewe unawajua watu wote wa stoo. Yuko mwenye kovu kama hili?"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka chini, nikauteremsha mkono wangu wa kulia taratibu chini ya meza.

SEHEMU YA TATU: Etem

Jumamosi watu walikuja tangu umande haujakauka.

Etem yetu ni mwembe mmoja na mawe ya kukalia, hakuna zaidi. Mawe ya juu ni ya wazee. Hakuna aliyeandika hivyo popote, na hakuna aliyewahi kukosea. Baba Mdogo alikuja na suti. Alikuja pia na kiti chake cha plastiki, na nikaona wazee wakikitazama kile kiti kuliko walivyoitazama suti. Alikiweka usawa wa jiwe la Papa. Akafikiri. Akakirudisha nyuma hatua moja.

Nakiri nilimpenda kwa hatua ile moja. Watu wanaosimulia habari za viongozi hupenda shetani mtupu, na mimi ningefurahi kuwapa. Lakini mtu huyu ndiye aliyelipa karo yangu. Kwenye tanga la Mpadhola alitoa gunia, kwenye tanga la Mteso alitoa gunia, na magunia yale, niliyapima mwenyewe, yalitimia kilo mia. Alikuwa na mizani mbili. Sijawahi kujua ni ipi aliyoiamini.

Jadwong alikaa na wanawe watatu kwenye ukingo wa kivuli, mahali ambapo jua likisogea kidogo tu utakuwa nje. Mikono yake ilikuwa na grisi bado. Toto alikuja na chungu, ingawa ilikuwa asubuhi, kwa sababu Papa alimwagiza. Mjukuu wa Papa alikuwapo, kijana wa miwani, daftari mapajani. Hakunitazama hata mara moja, na mtu asiyekutazama hata mara moja ana sababu.

Bahasha ilikuwa ndani ya shati langu.

Mwalimu alifungua kikao. Baba Mdogo akasimama, akaeleza habari ya wilaya: barabara, ajira, kituo cha afya kikipanda daraja, mtoto wa Mukuju kuomba kazi ofisini na kujibiwa kwa lugha ya mama yake. Alizungumza vizuri. Wanawake walipiga vigelegele. Hata mmoja wa wana wa Jadwong alijisahau akapiga makofi, baba yake akamgusa goti.

"Na sisi tutakuwa wapi?" Jadwong aliuliza. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Mimi ni fundi. Baiskeli ikiletwa siulizi kabila la mwenye baiskeli. Nauliza tu. Ramani ikichorwa, nyumba yangu iko ndani ya mstari au nje?"

"Ndani, Jadwong," Baba Mdogo alisema harakaharaka. "Ndani kabisa. Haki ya kila mtu imeandikwa. Karatasi ilikwisha kutangulia Tororo, kwa nia njema, ili tusipoteze nafasi. Leo tunasoma nakala tu."

Manung'uniko yalipita kama upepo kwenye mtama. Imetangulia? Kabla ya etem?

"Iko Tororo?" Papa aliuliza.

"Iko Tororo. Karani aliipeleka Jumatano."

Vichwa vyote viligeuka. Kuna uzito ambao haupimwi kwa ndoano, na nilikuwa nimetundikwa pale, mshale wangu ukitetemeka. Ningesema ndiyo, ningekuwa mwongo wa Baba Mdogo. Ningesema hapana, ningekuwa mwongo kwa Baba Mdogo. Papa aliutazama uso wangu. Kisha akayashusha macho, bila haraka, mpaka kwenye kifungo cha pili cha shati langu, mahali ambapo pembe ya kaki ilikuwa imeinua kitambaa.

Hakusema kitu. Aliinua mkono, na mjukuu akatoa kwenye mfuko wake kikebe cha bati.

Nilikijua kikebe kile. Nilijua hata mahali kilipobonyea.

"Wino huu," Papa alisema, "nimeuazima stoo. Nimezeeka, sipendi nakala. Tuandike upya, hapahapa, kila mtu aone wino wa mwenzake. Jadwong na wanawe pia. Mwenyekiti, una neno?"

Baba Mdogo alikuwa bado amesimama. Nilimwona akihesabu, kwa macho yaleyale yanayohesabu magunia mlangoni. Alikitazama kikebe. Akamtazama mjukuu. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akanitazama mimi, na usoni mwake hakukuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa mtu anayesikia kitu kwa mara ya kwanza.

"Sina neno, Papa," alisema polepole. "Kikebe hiki kilipotea Septemba."

Septemba. Nami nilijaribu wino Agosti. Karatasi zilikuwa tatu, na ndani ya bahasha ilikuwamo moja.

Wazee walianza. Mmoja mmoja waliinama juu ya jiwe bapa, wakaweka dole, wakajifuta kwenye majani ya mwembe. Mwalimu aliweka sahihi yenye mikia. Jadwong aliweka dole jeusi kwa grisi hata kabla ya wino, watu wakacheka, na kicheko kile kilipunguza kitu kifuani mwa kila mtu isipokuwa changu. Ikafika zamu ya Papa.

Alisimama bila kushikwa mkono. Akaja mpaka kwenye jiwe. Akaunyosha mkono wa kulia juu ya karatasi, vidole vinne na kisiki, akauacha hapo hewani mpaka kila mtoto aliyepanda mwembe ameuona. Kisha akageuka, na mkono ule ukanielekea.

"Karani," alisema kwa upole, kama mtu anayeomba kiberiti. "Nikopeshe dole lako, mwanangu. Si mara ya kwanza."

Itaendelea wiki ijayo.